Mo Amin, mtoto wa reli, na majina yaliyobaki Homa Bay

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gati la Homa Bay ni la mashua tu. Akina mama wanaanika omena juu ya nyavu kuukuu. Vijana wa boda boda wamezima injini wakingoja abiria, na nyuma ya mji kilima cha Got Asego kimechongoka kama pia iliyogeuzwa juu chini.

Mimi nimeshika picha. Ni nakala ya nakala, imefifia pembeni, lakini unachotakiwa kuona unakiona: stima imefunga gati, moshi unapanda kutoka kwenye dohani, na mbele yake wanaume wamepanga mstari, kila mmoja na mzigo begani. Nyuma ya picha mtu aliandika kwa wino jina la meli. Jina la mtu hata mmoja hakuliandika.

Babu yangu alikuwa kuli wa reli kwenye gati hili. Alibeba marobota ya pamba kuyaingiza melini yapelekwe Kisumu kukutana na gari la moshi. Katika nyumba yetu hakuna picha yake. Nimeiangalia nakala hii mpaka macho yakauma, nikitafuta mtu ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai.

Kilichonileta ni kazi. Mhariri alitaka makala ya kumkumbuka Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya ambaye ulimwengu ulimwita Mo, karibu miaka 30 tangu afe. Akanituma Homa Bay na Migori. Nilimuuliza kwa nini nisipelekwe Nairobi alikozaliwa, au Mombasa inakoanzia reli aliyoipiga picha na kuiandikia kitabu. Akanijibu niende tu, nitaona.

Reli iliyokuja kwa maji

Kaunti za Homa Bay na Migori hazijawahi kuwa na hata futi moja ya reli ya abiria. Hata hivyo ukizungumza na wazee wa ufuoni utawasikia wakisema walisafiri kwa reli, na wanasema kweli.

Reli ya Uganda ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Vyuma vikakomea hapo, lakini shirika la reli halikukoma. Liliingia majini. Meli ya William Mackinnon ililetwa vipande vipande na kuunganishwa ufuoni. Zikafuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill na Nyanza, tishari la Kavirondo, na mwishowe pacha wawili waliojengwa Paisley kule Scotland na kampuni ya Bow, McLachlan: Usoga na Rusinga. Zote zilikuwa mali ya reli, na zote zilitembea kwa mvuke.

Vituo vyake upande wetu vilikuwa Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Pamba, ngozi na nafaka zilitoka huku. Chumvi, vitambaa, mabati na barua zilirudi. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akisema *stima* akimaanisha meli hadi alipofariki, na sisi wajukuu tulimcheka kwa sababu kwetu stima ni ile ya kuwasha taa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba yeye ndiye aliyelishika neno katika maana yake ya kwanza.

Karungu, ambayo sasa iko Migori, iliwahi kuwa na uzito zaidi kuliko Homa Bay. Septemba 1914, vita vya Wazungu vilipofika ziwani, Winifred ilijaribu kuingia ghuba ya Karungu ikakutana na Muansa, tishari la Wajerumani lenye mzinga. Ikarudi nyuma. Siku chache baadaye ilirejea ikiwa na Kavirondo, na Muansa ikaondoka. Meli za kubeba pamba zilikuwa zimeingizwa vitani, na watu wa Nyatike, eneo lenye ghuba hiyo, walitazama wakiwa ufuoni vita ambavyo hakuna aliyewaeleza chanzo chake.

Ninayataja haya kwa sababu stima hizi zimepigwa picha sana. Reli nzima imepigwa picha sana. William D. Young alifuatana na ujenzi wake na kamera ya miguu mitatu, enzi ambapo vibarua 31,983 waliletwa kutoka Bara Hindi na karibu 2,500 wakafa. Miaka mingi baadaye, injini kubwa za Garratt zilipokaribia kustaafishwa, wapenzi wa mvuke walisafiri kutoka Ulaya kuja kuziaga. Kevin Patience alichapisha mwaka 1976 kitabu kizima cha picha za mvuke wa Afrika Mashariki. Ni kazi za upendo, na bila hizo tungekuwa na vyuma chakavu tu vya kutukumbusha.

Lakini ukizipitia unagundua jambo. Injini ina namba. Ina jina, ina mwaka wa kuundwa na kiwanda ilikotoka. Mtu anayechochea moto ndani yake ni kivuli.

> *"Injini ina namba. Ina jina, ina mwaka wa kuundwa. Mtu anayechochea moto ndani yake ni kivuli."*

Mtoto wa mwashi

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake, Sardar Mohamed, alikuwa mwashi wa reli, mtu wa mawe na saruji aliyetoka Punjab. Mwaka 1952 reli ilimhamishia Dar es Salaam, na familia ikahama naye, kama zilivyofanya familia za watumishi wa reli kote Afrika Mashariki: unaishi nyumba ya reli, majirani wako ni wa reli, na saa ya nyumbani ni honi ya treni.

Huko Dar kijana alijipatia kamera ya sanduku iliyokwishatumika. Hakusomea upigaji picha popote. Alipofika miaka 20 alikuwa tayari na kampuni yake, Camerapix, aliyoianzisha mwaka 1963. Januari 1964 alikuwa Zanzibar akirekodi Mapinduzi. Mwaka 1966 alikamatwa huko huko Zanzibar, akateswa gerezani siku 28, kisha akafukuzwa kurudi Kenya alikozaliwa.

Dunia inamjua zaidi kwa Korem. Oktoba 1984 alirekodi huko njaa ya Ethiopia akiwa na mwandishi Michael Buerk wa BBC, na filamu ile iliyoonyeshwa tarehe 23 mwezi huo iliwatoa watu machozi na pesa katika mabara yote. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake, mrekodi sauti John Mathai, alikufa pale pale. Mo alipoteza mkono wa kushoto, akawekewa wa bandia, akarudi kazini na kamera.

Katikati ya hayo yote alirudi kwenye reli ya baba yake. Mwaka 1986 yeye, Duncan Willetts na Alastair Matheson walitoa *Railway Across the Equator*, hadithi ya njia ya reli ya Afrika Mashariki kwa picha na maneno. Kwangu mimi uzito wa kitabu hicho uko katika mahali alipokuwa amesimama aliyekipigia picha. Aliyemtangulia alikuja na shirika, au alikuja likizo. Mo alikulia ndani ya reli. Alijua nani aliyejenga ukuta wa stesheni, kwa kuwa mtu wa namna hiyo alikuwa akirudi nyumbani jioni akiwa na vumbi la saruji, akila naye chakula.

Tarehe 23 Novemba 1996 Mo alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Watu watatu waliiteka. Mafuta yaliisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Mo akiwa mmoja wao pamoja na rafiki yake mwandishi Brian Tetley. Walionusurika walisimulia kwamba hadi dakika za mwisho alikuwa wima, akibishana na watekaji.

Jumamosi ya Julai 5

Hapa ndipo njia ya Mo inapoingia Homa Bay, na haiingii kwa furaha.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, yapata saa saba mchana, Tom Mboya alitoka duka la dawa la Chhani katika barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Alikuwa na miaka 38. Kwao ni Rusinga, kisiwa ambacho stima ilibeba jina lake.

Mo alifika upesi mno. Alipiga picha wakati madaktari bado wanapigania uhai wake, hata ndani ya gari la wagonjwa. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya mpiga filamu bora wa habari wa mwaka nchini Uingereza.

Siku zilizofuata Nairobi ilijaa gesi ya kutoa machozi nje ya kanisa la Holy Family. Kisha jeneza likasafirishwa kwa barabara hadi Nakuru, Kisumu, na kuteremka Homa Bay. Wakati ule hapakuwa na njia ya kuunganisha Mbita na Rusinga kwa gari, ile ilijengwa miaka ya 1980. Mwana wa kisiwa alivushwa maji kwenda kuzikwa, kama watu wote wa kisiwa walivyovuka.

Waya, shangazi yangu, wakati huo alikuwa msichana mkubwa. Anachokumbuka ni vumbi, halafu ukimya, halafu sauti za akina mama zikitoka kila upande wa mlima kwa pamoja. Nilimuuliza kama aliona mpiga picha yeyote. Alisema siku ile hakuna aliyekuwa akitazama wenye kamera.

Leo kaburi la Mboya limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Ndani kuna picha zake akiwa hai, miongoni mwa watu wakubwa wa enzi yake, na wageni wa shule hupita wakisoma maelezo kwa sauti. Nilikaa humo muda mrefu. Nje mbuzi walikuwa wakila majani kando ya uzio, na ziwa lilionekana jeupe kwa jua.

Picha ya kifo ni ya nani?

Swali hili nililibeba kutoka Rusinga hadi Migori na kurudi, na niliwakuta watu wamegawanyika.

Wapo wanaosema picha ya mtu anayekata roho haipaswi kutundikwa popote. Wajaluo hawaogopi kamera msibani. Tazama mazishi yoyote Nyanza uone jinsi jeneza linavyozungukwa na jamaa wakipiga picha, watoto mbele, wakwe nyuma. Lakini hizo hupigwa mtu akishakuwa marehemu, amevishwa, amelazwa kwa heshima. Kumpiga kabla pumzi haijatoka ni kumwibia saa ambayo ni yake na ya Mungu. Hoja hii si ya ushamba. Ukiwa na mzazi aliyekufa mikononi mwa watu wageni, utaielewa bila kufafanuliwa.

Wengine wanasema bila picha ile kifo cha Mboya kingebaki mstari mmoja katika taarifa ya serikali. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa mwaka huo huo wa 1969, na swali la nani aliyemtuma halijawahi kujibiwa mahakamani. Picha ya Mo haijibu swali hilo pia. Inachofanya ni kukataa lizikwe.

Mimi nilianza safari nikiwa upande wa kwanza. Nilipotoka kwenye jengo la Rusinga nilikuwa nimehama nusu. Naona picha za gari la wagonjwa zikae, ila zikae mahali ambapo mtu anaingia kwa kuamua, si ukutani ambapo mtoto wa darasa la tatu anazikuta akitafuta choo. Na neno la mwisho liwe la familia.

Kuna mgongano wa pili ambao hausemwi kwa sauti kubwa, nao ni wa milki. Mkusanyiko wa Mo unatunzwa Nairobi na taasisi yenye jina lake, chini ya mwanawe Salim Amin. Una picha zaidi ya milioni mbili. Sehemu yake imeingizwa kwenye kompyuta na kuonyeshwa mtandaoni. Kuutunza ni gharama kubwa: filamu za zamani zikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa harufu ya siki, hujikunja, na picha huondoka nazo. Anayeuliza kwa nini matumizi ya picha yalipiwe ajiulize umeme wa kupooza chumba zinamotunzwa unalipwa na nani.

Upande wa pili wapo vijana wa Homa Bay na Migori wanaouliza kwa nini mtoto wa Rusinga ailipie picha ya Rusinga. Nao hawakosi msingi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda picha kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, kutegemea upi ulikuja baadaye. Kwa hesabu hiyo picha iliyotoka gazetini Julai 1969 ilimaliza ulinzi wake mwisho wa 2019. Iliyotolewa mara ya kwanza miaka mingi baadaye, hesabu yake inaanzia huko.

> *"Nairobi wana picha. Huku kuna majina. Na majina yanazikwa kila Jumamosi."*

Nikiwa kwenye matatu kati ya Rongo na Migori, nilitambua kwamba pande zote mbili zinagombania karatasi. Hakuna mtu wa ufuoni anayehitaji kupewa filamu yenyewe. Hewa ya ziwa ingeiharibu kabla ya masika mawili. Kinachohitajika huku ni nakala nzuri, kubwa, zenye nafasi pembeni ya kuandika. Nairobi wana picha. Huku kuna majina. Na majina yanazikwa kila Jumamosi. Aliyekuwa na miaka 20 jeneza la Mboya lilipopita Homa Bay sasa amevuka 75. Aliyebeba pamba kuingiza kwenye stima ya mvuke ni mkongwe zaidi ya hapo, kama yupo.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi injini za mvuke kwa namba na majina yake. Ningependa kuona hata chumba kimoja tu kama kile kwenye gati la Homa Bay au Kendu Bay, ambapo mzee anakaa mbele ya picha na kijana mwenye kalamu. Kaunti zetu zinazungumza sana kuhusu utalii wa ziwa. Mgeni anayekuja kuona ufuo atauliza habari za watu wa ufuo, na jibu lisipoandikwa sasa halitapatikana kwa bei yoyote.

Karungu, mchana

Sori, mji wa ghuba ya Karungu, ulikuwa na joto la kuchoma nyayo. Mashua zenye macho yaliyochorwa mbele zimevutwa mchangani. Kule ilikotokea Muansa mwaka 1914 kulikuwa na vijana wakioga na kufua. Mmoja alikuwa akimpiga picha mwenzake kwa simu, ameegemea mashua, kifua mbele.

Nilimwonyesha nakala yangu ya stima. Aliitazama haraka, akaivuta kwa vidole viwili kama anavyovuta picha kwenye simu, akacheka alipoona karatasi haikuzi kitu. Kisha akauliza wale watu ni akina nani. Katika siku nne za safari alikuwa wa kwanza kuuliza hilo kabla ya kuuliza jina la meli.

Treni ya abiria ilirudi Kisumu Desemba 2021 baada ya miaka mingi ya kimya, na meli ya MV Uhuru, ambayo hubeba mabehewa 22 kwa mara moja, imerejea kazini. Zote ni za dizeli. Watoto wanaozipiga picha leo watakuwa wazee wa kuulizwa, na simu zao zitakuwa zimepotea zamani.

Bega la kushoto

Jioni ya mwisho nilirudi kwa Waya, nje kidogo ya Homa Bay. Alikuwa kwenye kigoda akichambua mboga za osuga. Sikuwa nimemwonyesha ile picha ya stima, niliogopa. Kwetu mtu akikosa picha ya baba yake miaka 60, humletei mstari wa wanaume wenye nyuso za ukungu ukamwambia achague.

Alifuta mikono kwenye leso, akaichukua, akaigeuzia mwanga wa mlango. Nilimwonyesha mtu wa nne kutoka kushoto, mrefu, mgongo umenyooka chini ya robota. Nilikuwa nimejihakikishia kwamba ndiye.

Hakufikiri hata kidogo. Akasema si yeye. Baba alibeba kwa bega la kushoto. La kulia lilikuwa limevunjwa na kamba ya meli kabla Waya hajazaliwa. Wa nne amebeba kwa la kulia. Wote kwenye mstari, akasema akipitisha ukucha juu yao mmoja baada ya mwingine, wamebeba kwa la kulia.

Nikanyoosha mkono niichukue. Hakuiachia. Alikuwa amefika kwa mtu wa pili kutoka mwisho, mfupi, kofia imeinamia sikio. Akamtaja. Akataja jina la babake, na kijiji cha Kanyada walikotoka, na mke wa pili aliyemwoa kutoka Karachuonyo. Kisha akanyamaza, akasogea karibu zaidi na mlango, akaniambia nitafute penseli, kwa sababu huyu aliye mbele yake naye anaanza kumkumbuka.